Usiniambie huna nidhamu

Vikoba vingi ninavyovilea, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, huvunja na kugawana Desemba, na ikifika Januari simu yangu haipoi. Mwaka huu nimehesabu. Kabla ya tarehe 15 watu tisa walikuwa wameshaniambia sentensi ileile, mmoja kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne: "Mwalimu, tatizo langu mimi sina nidhamu." Wa tisa alikuwa mama lishe wa Mbagala anayeamka saa tisa usiku kuwasha mkaa, siku sita kwa wiki, mwaka wa kumi na moja huu. Eti hana nidhamu. Nikamwomba anipe chai kwanza, nisije nikamjibu vibaya.

Lengo lake lilikuwa friji ya kuhifadhia samaki, laki tano na nusu. Hesabu alipiga vizuri: wiki 52, kila wiki elfu kumi na kidogo. Kikoba hakukitaka, alisema kina maneno mengi. Akanunua kibubu cha bati na kumwambia fundi asikiwekee mlango, apitishe tundu la kuingizia hela basi, ili asije akajishawishi. Machi mtoto akaugua. Kibubu kikapigwa nyundo. Vipimo na dawa vilikuwa elfu thelathini na tano, na ndani mlikuwa na laki na ishirini. Ile elfu themanini na tano iliyobaki haikumaliza wiki. Aprili masika yakaingia, wateja wakapungua, na kibubu kingine hakikununuliwa.

Sasa nionyeshe nidhamu ilikosekana wapi. Mtu kaweka wiki kumi na moja mfululizo hajaruka hata moja! Kilichokosekana ni mlango.

Hapa ndipo ninapogombana na watu, na nitakaa hapa kidogo. Kuna imani kwamba hela ya lengo ikifungwa kwa ugumu zaidi, lengo nalo linakuwa salama zaidi. Hela iliyofungiwa hivyo ina hali mbili tu, haijaguswa au imekwisha. Siku dharura inapokuja, na kwa wenzetu wengi haipiti miezi mitatu bila kuja, huwezi kuchota kidogo na kuacha nyingine. Unavunja. Na ukishavunja, unajiona umeshashindwa, kwa hiyo kinachobaki unakitumia kama hela ya mtu mwingine.

Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walilifanyia utafiti jambo hili Kenya magharibi, kwa watu waliokuwa tayari kwenye vikundi vya kupeana, na wakauchapisha mwaka 2013. Baadhi walipewa sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo wakakaa nao wenyewe. Wengine walipewa sanduku lilelile, ila ufunguo ukashikwa na ofisa wa mradi mpaka lengo litimie. Lengo lilikuwa vitu vya kinga ya afya, kama chandarua. Baada ya mwaka, wenye ufunguo mkononi walikuwa wametumia kwenye kinga kiasi kilichowazidi wasiopewa sanduku kwa theluthi mbili na zaidi. Wale waliofungiwa? Kwenye vitu hivyo vya kinga, hakuna tofauti ya maana iliyoonekana. Hela ambayo kesho mtoto akiugua huwezi kuigusa, unaogopa kuiweka tangu mwanzo.

Nikisimulia hili kwenye semina, hakosi mzee wa nyuma kutikisa kichwa. Sanduku lenye ufunguo mfukoni linamzuia nani? Linamzuia shemeji, kwanza kabisa. Hela iliyo kwenye pochi ni ya ukoo mzima. Iliyo kwenye sanduku la chandarua ina jina, na mtu anaweza kusema "hela ninayo lakini ina kazi yake" bila kujiona mchoyo.

Kwenye kikoba kazi hii tumeigawa. Hisa, yaani akiba unayoweka kila kikao, ni za lengo. Mfuko wa jamii ni wa ugonjwa na msiba: unachukua bila riba, hisa zako zinabaki zilipo. Halafu kila mwaka kuna mwanachama atakayesimama kulalamika kwamba ile elfu moja ya mfuko wa jamii ni makato tu, ifutwe. Mama, hiyo elfu moja ndiyo inayolinda friji yako!

Jambo la pili, haraka. Elfu kumi kila wiki ni hesabu ya mwenye mshahara. Mama lishe ana wiki ya mwisho wa mwezi, ana wiki ya mvua, ana Januari ya ada, ana Ramadhani ambayo mchana hauzi kitu. Ndiyo maana katika vikundi vingi hisa zinawekwa kuanzia moja mpaka tano kwa kikao. Wanachama wanaitazama tano. Mimi naitazama moja. Aliyeweka moja wiki mbaya bado yumo, jina lake limeitwa na daftari limegongwa muhuri. Aliyeona aibu kuja na hisa moja akabaki nyumbani, huyo ndiye nitakayemkosa mwezi ujao.

Na jamani, ule "utafiti" wa wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wa mwaka 1953, asilimia tatu walioandika malengo wakaja kuwa matajiri kuliko wenzao wote, haukuwahi kufanyika. Chuo chenyewe kimesema. Kuandika kunasaidia ukiandika kitu chenye saa na mahali: "Jumamosi nikishafunga banda, kabla sijapita sokoni, naweka." Kuandika "2030 niwe bosi" kwenye bango la chumbani ni mapambo.

Sasa niseme na yanayonisumbua mimi. Kuna utafiti mwingine, wa Ufilipino, wa mwaka 2006, ambapo wateja wa benki walipewa akaunti isiyofunguka mpaka tarehe au kiasi walichojichagulia wenyewe, na kule kufunga kulisaidia, akiba ikapanda. Lakini kati ya waliopewa nafasi hiyo, asilimia 28 tu ndio walioikubali akaunti hiyo. Kwa hiyo wapo watu wanaofaa kufungiwa, nami mtu akikaa mbele yangu siwezi kumtambua kwa sura. Nimekosea pande zote mbili. Tena nashuku kwamba sifa nyingi tunazojipa waalimu wa vikoba si zetu: waliokuwa wataweka hata bila sisi ndio hao hao wanaovumilia vikao vya saa tatu juani.

Kiwanja changu mwenyewe kilichelewa miaka mitatu. Mwalimu wa akiba mzima, mwaka mmoja niliingia kwenye mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, kwa sababu ya harusi ya mdogo wangu, na sikumwambia mwanakikundi hata mmoja. Nilichokuja kukifanya ni kulipa kwa awamu moja kwa moja kwa muuzaji, mzee mmoja mwenye mdomo, ambaye mwezi ukipita bila kitu angeuliza mbele ya watu msikitini.

Turudi kwa mama lishe. Nilimwambia anunue sanduku lenye kufuli, ufunguo akae nao, na ya dharura aiweke kwenye simu, kando. Alinisikiliza huku anageuza maandazi. Akasema hapana, mwalimu, ufunguo nikikaa nao mimi najijua. Nikaanza kumweleza habari za Kenya. Akanikatiza. "Utakaa kwa dada yangu Chanika. Mtoto akiugua kweli, nitaufuata. Nikitaka kitenge, nitaifikiria ile nauli na foleni, halafu nitakaa."

Nikalipa chai yangu nikaondoka.