Je, wajua? Kwa nini mwanadiplomasia wa Marekani aliisukuma kampuni ya mafuta imlipe mfalme zaidi

Akitajwa balozi katika mazungumzo ya mafuta, wengi tunapata picha ileile: kampuni inataka kulipa kidogo, serikali mwenyeji inagoma, ndipo simu ya vitisho inapopigwa Ikulu. Picha hiyo ina msingi. Mwaka 1953 Marekani na Uingereza zilishiriki kumpindua Mossadegh, waziri mkuu wa Iran, miaka miwili baada ya nchi yake kutaifisha mafuta.

Ila tunakosea tunapodhani kampuni na serikali ya kwao daima hutaka kitu kimoja. Kampuni inapiga hesabu ya faida. Wizara ya Mambo ya Nje inawaza kambi za kijeshi, washirika, na nani atasogea karibu endapo mwenyeji atakasirika. Rais Lázaro Cárdenas wa Mexico alipotaifisha mafuta mwaka 1938, kampuni zilitaka Washington ibane. Balozi wa Marekani, Josephus Daniels, ndiye aliyejitahidi kupoza mambo.

Saudi Arabia ya mwaka 1950 inaonyesha hili waziwazi. Aramco, kampuni ya mafuta iliyokuwa mali ya kampuni nne za Kimarekani, ilikuwa ikilipa mrabaha, yaani malipo kwa mwenye mafuta kulingana na kiasi kinachochimbwa, kwa mkataba wa mwaka 1933. Venezuela ilishapata mgawo wa faida wa nusu kwa nusu, na Mfalme Abdulaziz naye akadai nyongeza. Vita vya Korea vimeanza Juni, Marekani inaihofia Urusi ya Kisovieti. George McGhee, aliyesimamia Mashariki ya Kati katika Wizara ya Mambo ya Nje, na ambaye mwenyewe alikuwa mwanajiolojia aliyetajirika kwa mafuta, akazihimiza kampuni zikubali. Mkataba wa nusu kwa nusu ukasainiwa tarehe 30 Desemba.

Sasa, mbona kampuni hazikupiga kelele? Kwa sababu malipo mapya yaliitwa kodi ya mapato, na sheria ya Marekani iliruhusu kodi iliyolipwa ugenini ikatwe kwenye kodi ya nyumbani. Mfikirie mfanyabiashara wa mahindi anayepita mageti mawili ya ushuru. Akilipa geti la kwanza na kupewa risiti inayotambulika geti la pili, hapo pili anaionyesha na kupita. Lakini hela aliyonunulia magunia haina risiti ya namna hiyo. Ni gharama tu.

Mrabaha ulikuwa hela ya magunia. Tuseme faida ni dola 100 na kodi ya Marekani ni asilimia 40. Ukimlipa mfalme 50 kama mrabaha, zinabaki 50. Marekani inachukua 20, nawe unabaki na 30. Ukimlipa 50 hizohizo kama kodi ya mapato, Marekani inakudai 40, unatoa risiti ya 50, deni linafutika. Unabaki na 50 kamili.

Ndivyo ilivyokuwa. Malipo ya Aramco kwa Saudi Arabia yalipanda kutoka karibu dola milioni 66 mwaka 1950 hadi karibu milioni 110 mwaka uliofuata. Kodi yake kwa Hazina ya Marekani ikaporomoka kutoka karibu milioni 50 hadi karibu milioni 6. Kwa maneno mengine, mfalme alipata msaada mkubwa kutoka hazina ya Marekani bila Bunge kuupigia kura. Wabunge walilichimbua suala hili katika vikao vya Seneti mwaka 1974.

Nani hasa aliyebuni mbinu hiyo? Wanahistoria wanabishana: wapo wanaoitaja Wizara, wapo wanaozitaja kampuni, na Wasaudi nao walikuwa na mshauri wao wa kodi, Mmarekani. Huenda kila upande ulichangia.

Jirani, Iran, mambo yalikwenda vingine. Kampuni ya mafuta ya Anglo-Iranian, ambayo serikali ya Uingereza ilimiliki sehemu kubwa ya hisa zake, ilikuwa ikiipa London kodi nyingi kuliko ilichokuwa ikiilipa Iran, na ilichelewa mno kufikiria nusu kwa nusu. Machi 1951, miezi mitatu tu baada ya mkataba wa Saudia, Bunge la Iran likapitisha utaifishaji.