Siyo kila tezi ya tumboni ni TB

Nimepokea rufaa nyingine hapa Tabora: "Tezi za tumboni, TB, mwezi wa tano wa dawa." Kinyama cha kupima maabara hakijachukuliwa. Kuna ultrasaundi tu, na mama mwenye viganja vyeupe kwa upungufu wa damu, homa za jioni, na uvimbe kando ya kitovu, mkubwa kama ngumi, unaosogea ukiusukuma.

Uvimbe mmoja! TB ya tumbo ipo kwetu, sikatai, nami huifikiria kwanza. Lakini mara nyingi yenyewe huleta tezi kadhaa zilizoshikana, zimeoza katikati, pengine na maji tumboni. Tezi moja kubwa, iliyojaa, inayong'aa kwenye picha ya CT baada ya kuchoma mshipani dawa ya kung'arisha picha, inatutaka tufikirie limfoma, yaani saratani ya tezi, na pia ugonjwa adimu ambao Benjamin Castleman wa Boston aliueleza miaka ya 1950.

"Basi daktari, mchome sindano ya kunyonya seli." Hapana. Sindano inaleta seli zilizotawanyika. Ni sawa na kubomoa nyumba, ukaniletea lundo la matofali na kuniuliza ilikuwa na vyumba vingapi. Ugonjwa huo wa Castleman hutambulika kwa mpangilio: limfositi, yaani seli za kinga, zimejipanga duara juu ya duara kama maganda ya kitunguu, na kamshipa kanapenya katikati. Mpangilio huo tunauona tezi ikija nzima, ndani ya formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, mara kumi ya ujazo wake. Siyo kipande kilichosokomezwa kwenye kichupa cha penisilini! Kikifika maabara kimeoza, mgonjwa anakatwa mara ya pili.

Pima VVU, tafuta tezi shingoni, kwapani na kinenani. Zikiwa zimeenea, kisu hakiponyi, hiyo ni kazi ya dawa.

Mama huyu alikuwa na hiyo moja tu, tukamfungua. Ilikaa kwenye mesenteri, utando unaoshikilia utumbo, imezungukwa na mishipa iliyovimba. Tuliifunga mmoja mmoja. Upande wa nyuma iliegemea mshipa mkuu unaolisha utumbo mwembamba. Hapo nilisimama. Vitabu vinasema toa yote, kwa kuwa ikitoka yote mgonjwa kwa kawaida hupona. Lakini mshipa ule ukichanika, utumbo unakufa. Niliitoa yote, ila mpaka leo najiuliza kama ningethubutu siku ambayo benki ya damu ina chupa moja.

Majibu yalirudi: Castleman. Homa ilikuwa imeshakata bila kidonge, maana tezi yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimwaga kemikali za kuleta homa na upungufu wa damu. Kliniki alikuja na mfuko wa dawa za TB zilizobaki, akaniuliza: "Daktari, na hizi nilizokuwa nakunywa zilikuwa za nini?"