Bando limekwisha, maji ni ya moto

Mtu wa Dar es Salaam hatanielewa, lakini hapa Arusha, mwezi wa saba, kuoga maji ya bomba saa kumi na mbili asubuhi ni adhabu. Hita yangu ina tangi la lita 50 na elementi ya kilowati 2. Kuyatoa maji hayo nyuzi 20 hadi 60 kunakula uniti 2.3 hivi, kazi ya saa moja na dakika kumi. Piga hesabu ya siku thelathini: uniti 70. Kwa aliye daraja la D1 la TANESCO, la wateja wa matumizi madogo, ambako bei hupanda ukivuka uniti 75 kwa mwezi, hita peke yake inakaribia kumaliza posho ya nyumba nzima. Na huyo ni yule mwenye nidhamu ya kuzima. Anayeiacha usiku kucha analipia pia joto linalovuja tangini wakati amelala.

Nilianza na swichi ya Wi-Fi ya dukani. Amri ilitoka sebuleni, ikavuka bahari hadi kwenye seva ya watu, ndipo ikarudi bafuni, hatua sita kutoka nilipokaa. Bando likiisha, swichi inakuwa bubu. Siku moja liliisha hita ikiwa imewaka nami niko Moshi. Niliporudi niliing'oa.

Sasa hita inaendeshwa na ESP32, kibodi kidogo chenye Wi-Fi, niliyoiwekea programu ya ESPHome. Kabatini kuna Raspberry Pi, kompyuta ndogo, yenye Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, ambayo hunionyesha joto na kuniruhusu kuwasha kwa simu kupitia rauta ya nyumbani, bando liwepo lisiwepo. Ila ratiba yenyewe nimeiandika ndani ya ESP32, ili Pi ikifa watu waendelee kuoga. Hapo kuna mitego miwili. Kwanza, ESPHome isipopata wa kuunganishwa naye kwa dakika 15 hujizima na kujiwasha upya. Ni lazima uweke reboot_timeout, muda wa kusubiri kabla ya kujiwasha upya, iwe 0s. Pili, ESP32 haina saa inayodumu. Umeme ukikatika na intaneti haipo, ukirudi haijui kama ni alfajiri au adhuhuri. Dawa yake ni DS3231, saa ndogo yenye betri ya kidonge. Yangu huwasha saa kumi na nusu alfajiri, na kabla ya saa kumi na mbili tangi liko tayari.

Upande wa umeme sina mzaha. Kilowati 2 kwa volti 230 ni karibu ampea 9, na zinapita mfululizo kwa zaidi ya saa nzima. Rilei ile ya buluu, swichi inayoendeshwa na ESP32, imeandikwa ampea 10, lakini bodi za bei rahisi zina njia nyembamba za shaba na skrubu zinazolegea. Nimeshaziona zimebabuka hadi rangi ya kahawa. Kwangu rilei kazi yake ni kuwasha tu kontakta, swichi nzito ya umeme, ya ampea 25, na kontakta ndiyo inayobeba mzigo. Hita ina breka yake na waya wake wa ethi. Termostati iliyokuja na tangi, fyuzi yake ya joto na vali ya kutoa presha sikuvigusa. ESP32 inaomba tu. Termostati ikisema basi, ni basi. Nimeiacha nyuzi 60, maana bakteria wa Legionella hustawi kwenye maji ya vuguvugu yanayokaa.

Kihisi cha joto ni DS18B20, kimeingizwa kwenye mfuko wa termostati. Usikifunge kwenye bomba la kutokea: maji yasipotembea, bomba hupoa na kukudanganya.

Kihisi hicho ndicho kilichoniaibisha. Mama mkwe alikuwa mgeni wetu, umeme ukakatikakatika usiku, na asubuhi akatoka bafuni amejifunga khanga mbili. "Baba," akaniambia, "hita yako ina akili, lakini moto haina." Nilipofungua kumbukumbu, joto lilisomeka 85 kamili. DS18B20 ikiamka kabla haijapima hutoa namba hiyo hiyo, 85, na programu yangu ikaamini maji yamechemka, ikakataa kuwasha. Siku hizi nimeiagiza programu ipuuze kila 85 inayokuja, kwani kwa termostati ya 60 namba hiyo haiwezi kuwa ya kweli. Kihisi kikinyamaza dakika kumi, inawasha kwa ratiba tu na kuiachia termostati.

Baadaye niliongeza kibano cha kupima mkondo, kwa sababu kontakta ikigandana ikiwa imewasha, ESP32 itaapa imezima huku mita ya LUKU inahesabu. Mkondo ukipita wakati imesema imezima, kengele inalia.

Wanaoniuliza kama wafanye hivi kwa shawa za papo kwa papo, zinazopasha maji yanapopita: hapana. Nyingine hufika kilowati 5.5, ampea 24 juu ya kichwa chako kilicholowa, na huwaka pale tu unapooga. Hakuna cha kupangia ratiba.