Kiini si ubongo wa seli, tafadhali

Wiki hii tena. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kijana mwenye akili zake timamu, anachungulia slaidi ya damu kwenye hadubini, kisha ananiuliza kama hizi seli nyekundu zimekufa. Hazina kiini, na kiini si ndiyo ubongo wa seli? Kauli hiyo nimeisikia kwa walimu, kwa wazazi wanaosimamia kazi za nyumbani, hadi kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa afya. Imenichosha.

Utando (ngozi ya seli), saitoplazimu (ujiuji wa ndani), ribosomu (vinavyotengeneza protini), mitokondria (vinavyotoa nishati): mnavijua, sirudii.

Seli nyekundu ya binadamu huanza na kiini kama nyingine zote. Ikikaribia kukomaa ndani ya uboho hukitema, na makrofaji ya jirani, seli inayokula mabaki, hukimeza. Inaingia kwenye damu ikiwa na mabaki ya RNA (nakala za jeni) na ribosomu, inamalizia himoglobini yake, protini inayobeba oksijeni, kwa siku moja mbili, kisha navyo vinakwisha. Mitokondria nazo zinatoweka. Baada ya hapo huishi kama siku 120. Miezi minne bila "ubongo"! Inavunja glukosi ipate nishati, inatoa sodiamu na kuingiza potasiamu, inajikunja kupenya kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, nyembamba kuliko upana wake wa maikromita 7 hadi 8, halafu inarudia umbo lake. Maiti gani hiyo?

Sisemi kiini hakina kazi. Kinatunza DNA, na jeni zisiponakiliwa hakuna protini mpya. Lakini amri zote kutoka kwake? Insulini ikigusa kipokezi kwenye utando wa seli ya msuli, vibeba glukosi ambavyo tayari vimo ndani huletwa kwenye utando, na sukari huanza kuingia kwa wingi ndani ya dakika chache. Hakuna jeni iliyosubiriwa. Tena jeni zenyewe huwashwa na kuzimwa na protini zilizotengenezwa nje ya kiini. Sasa nani anamwamuru nani?

Hasara ya kukosa kiini ni nyingine kabisa, na ukitaka kuiona angalia upungufu wa G6PD, kimeng'enya (protini inayoharakisha kemia ya seli), hali ya kurithi iliyoenea sana kwenye maeneo ya malaria. Kimeng'enya hiki huikinga seli nyekundu isiunguzwe na vioksidishaji. Katika aina iliyozoeleka Afrika, kimeng'enya kinatengenezwa, ila kinachakaa upesi. Seli ya ini itatengeneza kingine. Seli nyekundu haiwezi. Imetoka uboho na masurufu ya safari nzima. Mgonjwa akimeza primakwini, dawa ya malaria, ya kutosha, zinazopasuka kwanza ni seli kongwe, changa zinahimili. Ndiyo maana ukipima G6PD mara tu baada ya seli kupasuka, jibu linaweza kusoma "kawaida" na likakudanganya: umepima vijana waliobaki.

Kwa nini basi kiini kitolewe? Vitabu vitakwambia ni kupisha himoglobini. Jibu tamu, lakini mimi halinitoshi. Chukua tone la damu ya njiwa uone: kila seli nyekundu ina kiini katikati, na njiwa huyo anaruka umbali ambao mimi nisingeumaliza hata kwa baiskeli. Na bandama inajuaje kwamba seli hii sasa imezeeka, iondolewe? Wapo wanaotaja ugumu wa seli, wapo wanaotaja mafuta ya fosfatidilserini kujitokeza nje ya utando, wapo wanaotaja kingamwili. Kila upande una ushahidi wake na mjadala haujafungwa, ingawa kwenye mitihani siku 120 zinaandikwa kana kwamba kuna saa ndani.

Mwisho, la kazini. Kwenye slaidi za wagonjwa wa selimundu (ugonjwa wa kurithi unaozipinda seli nyekundu kama mundu) ambao bandama imeshaharibika, baadhi ya seli nyekundu huwa na kidoa kimoja cha zambarau, mviringo, kilichokolea. Ni salio la kiini ambalo bandama nzima ingelinyofoa. Kidoa hicho hakiongozi chochote mle ndani. Kinachotuambia ni kwamba bandama haifanyi kazi, hivyo mgonjwa yuko hatarini kwa bakteria kama nyumokokasi. Usikiandike kuwa malaria. Kwa Giemsa, rangi tunayopaka slaidi, kimelea cha malaria huwa na kiini chekundu pamoja na saitoplazimu ya bluu. Ukikosa bluu, rekebisha fokasi na utazame tena kabla ya kujaza fomu.