Shahada ya umeme haijakufanya mhandisi

Malalamiko yanayofika ofisini kwetu Malindi siku hizi ni ya aina moja: kijana amemaliza chuo, kadi yake imeandikwa "Mhandisi", na mwenye nyumba anauliza kwa nini ramani ya umeme aliyoitia sahihi imekataliwa. Imekataliwa kwa sababu hajasajiliwa.

Sheria ya Wahandisi ya 2011 haina fumbo. Ukihitimu shahada inayotambuliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, unaomba kwanza usajili wa mhandisi mhitimu. Halafu unafanya kazi chini ya mhandisi mtaalamu kwa miaka isiyopungua 3, ukiweka kumbukumbu: kazi gani, wewe ulifanya nini, nani alikusimamia. (Barua ya mjomba mwenye duka la vifaa vya umeme haihesabiki.) Baada ya uanachama wa Taasisi ya Wahandisi ya Kenya na tathmini, ndipo unaomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Leseni ya kutendea kazi nayo huhuishwa kila mwaka. Kujitangaza mhandisi bila usajili ni kosa, unashtakiwa mahakamani.

Mwenye diploma ana bodi yake, KETRB, inayosajili mafundi sanifu wa uhandisi. Kutandaza waya majumbani ni leseni nyingine kabisa, ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, yenye madaraja kuanzia C2 la chini hadi A1 la juu, na kila daraja lina mpaka wake wa kazi.

"Urasimu tu," tunaambiwa. Haya, twende Shela. Mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Fundi amepigilia fimbo moja ya ardhi, ile ya chuma inayopeleka umeme uliovuja mchangani, hakupima, amekwenda zake. Tuseme ukinzani, yaani jinsi njia hiyo ya ardhini inavyozuia umeme kupita, ni ohmu 40. Siku waya wa moto ukigusa bati la friji, kwa volti 240 mkondo unaorudi ardhini ni ampea 6 tu. Fyuzi ya ampea 13 haina habari, haikatiki. Friji inaendelea kugandisha samaki huku bati lake lina umeme, na wa kwanza kulishika ni mtoto aliye pekupeku. Dawa yake ni kupima, kuongeza fimbo, na kuweka swichi inayokata umeme ukivuja. Kujua hesabu hiyo kabla ya ajali ndiyo kazi ya mhandisi.

Ajira zipo: mitambo ya sola Langobaya, laini ya kilovolti 220 kutoka Rabai hadi Lamu, mahoteli.

Wazazi, kabla ya kulipa karo ya mwaka wa kwanza, angalieni orodha ya kozi zilizoidhinishwa na bodi. Tazameni jina la kozi yenyewe. Jina la chuo peke yake halitoshi.