Kuosha hanesi ya paani bila kuiharibu

Chukua hanesi, yaani mikanda ya kuvaa mwilini inayomdaka fundi akianguka, iliyofanya kazi miezi mitatu juu ya mabati ya Kigamboni au Nyali, iloweke kwenye beseni, subiri dakika kumi. Maji yatakuwa na rangi ya chai ya mkandaa, na chini ya beseni utakuta mchanga laini kama wa kusugulia sufuria. Mchanga huo ulikuwa ndani ya mkanda, katikati ya nyuzi, ukizisaga kidogo kidogo kila mvaaji alipoinama. Ongeza chembe za chumvi zinazoletwa na upepo wa kusi na jua la saa sita linalochoma utepe kutoka juu, na utaelewa kwa nini mtengenezaji anaweza kuandika miaka 10 kwenye kitabu chake halafu hanesi ya pwani ikachoka mapema zaidi.

Kwa hiyo kuosha ni kazi ya lazima. Tatizo ni kwamba hanesi nyingi zinaharibiwa kwenye beseni hilohilo.

Anza na lebo, kabla ya kugusa maji. Utepe mwingi ni wa poliesta, ambayo kwenye lebo huandikwa PES. Mwingine ni nailoni, PA. Fundi wa sola na fundi wa zege wanapaswa kuijua tofauti hii kwa kichwa. Poliesta inavumilia asidi kwa kiasi lakini inaliwa na alkali kali, na saruji mbichi ni alkali kali kwelikweli: maji yake yana pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 12 hadi 13. Saruji ikikaa kwenye mkanda uliolowa jasho, inaendelea kuula hata hanesi ikiwa imetundikwa stoo. Nailoni ndiyo inayoogopa asidi. Tone la maji ya betri likidondokea mkanda wa nailoni, nyuzi zinaweza kupoteza nguvu karibu yote huku kwa macho huoni hata doa la maana. Hanesi iliyoguswa na maji ya betri haioshwi. Inaondolewa kazini siku hiyohiyo, iwe PES au PA.

Lebo hiyohiyo ina namba ya hanesi, mwaka wa kutengenezwa na kiwango ilichotimiza, mara nyingi EN 361, kiwango cha Ulaya cha hanesi za mwili mzima. Kama haisomeki tena, hujui umri wa kitu ulichovaa, na mkaguzi yeyote makini ataikataa hapo hapo.

Sasa sabuni. Watengenezaji wengi wanataka maji yasiyozidi nyuzi joto 30 au 40 za Selsiasi, na sabuni yenye pH kati ya 5.5 na 8.5. Sabuni ya mche na ya unga, ambazo ndizo zilizojaa saiti, huwa na pH ya 9 mpaka 11. Weka pembeni. Shampuu ya watoto inatosha kabisa: kijiko kimoja cha chakula kwa lita 10 za maji. Jiki ni marufuku, hata kidogo, hata kama mkanda umeota ukungu. Petroli, thina na mafuta ya taa vilevile. Watu huvikimbilia kuondoa rangi au lami, lakini doa dogo la rangi iliyokauka liache lilivyo. Kama rangi imeufanya mkanda kuwa mgumu kama ubao au imefunika mshono, hanesi imekwisha, maana huwezi tena kuona kilicho chini yake. Na mashine ya kuoshea magari isikaribie: inasukuma mchanga ndani zaidi na kuvuruga mishono.

Kung'uta hanesi ikiwa kavu kwanza, uisugue kwa brashi laini ya plastiki, ndipo uiloweke dakika 10 hadi 15. Fungua bizimu zote na ulegeze mikanda yote, kwa sababu uchafu mbaya umejificha pale mkanda unapopita kwenye chuma. Sugua kufuata urefu wa mkanda, usikate kwenda upande. Kisha suuza mara mbili au tatu mpaka povu liishe. Hapa pwani kuna mtego: maji ya visima vingi yana munyu. Ukisuuza kwa maji hayo umeondoa chumvi ya baharini na kuingiza ya kisimani, na ikikauka inaganda ndani ya nyuzi. Yaonje. Kama ulimi unasikia chumvi, suuza ya mwisho ifanye kwa maji ya bomba au ya mvua.

Kausha kivulini penye upepo, hanesi ikining'inia kwa pete yake ya mgongoni kwenye kamba safi au henga ya plastiki. Msumari wa ukutani una kutu, na kutu inahamia kwenye utepe. Siku za kiangazi saa 24 zinatosha. Wakati wa masika ipe siku mbili. Kuikausha juani au kwenye dashibodi ya gari ni kujiongezea madhara yaleyale uliyotoka kuyapunguza.

Lanyadi, yaani kamba inayounganisha hanesi na nanga (sehemu imara ya kujifungia paani), ina sharti lake. Kile kifurushi chake, ambacho mafundi wengi wanakiita shokapu, ndani yake kuna utepe uliokunjwa na kushonwa ili uchanike taratibu mtu akianguka, nguvu inayompata isizidi kilonyutoni 6. Kisilowekwe. Kipanguse kwa kitambaa chenye unyevu, uhakikishe ganda lake halijatoboka. Kwa kuwa tumekigusa, piga hesabu ya nafasi unayohitaji chini ya nanga ili usigonge ardhi: lanyadi ya mita 2, ongeza hadi mita 1.75 za utepe kufumuka, mita 1.5 kutoka pete ya mgongoni hadi miguuni, na mita 1 ya akiba. Jumla inapita mita 6. Kwenye paa la nyumba ya kawaida lenye kimo cha mita 4 na nanga iko usawa wa miguu, lanyadi hiyo hata iwe safi namna gani haitakuokoa. Tumia kamba fupi isiyokufikisha ukingoni.

Kifaa cha kamba inayojikunja chenyewe nacho hakizamishwi. Vuta kamba yote nje, ipanguse, iache ikauke, halafu irudishe ndani huku umeishika mkononi. Ukiiachia ikaruka, springi ndiyo inayolipa. Ukimaliza, ivute kwa ghafla: lazima ikabe. Ikikaba mara moja na kuteleza mara mbili, irudi kwa mtengenezaji. Usifungue ganda kutia grisi.

Karabina (pete za chuma za kuunganishia, zenye mlango) na kulabu zioshwe kwa maji ya sabuni, mlango ukifunguliwa na kufungwa mara kumi ndani ya maji ili mchanga utoke kwenye bawaba. Zikikauka, tia kilainishi kikavu kama cha grafaiti au silikoni, tone moja kwenye bawaba, kisha futa kilichobaki kisigusane na utepe. Grisi nzito inanasa vumbi na kuwa kama msasa. Mlango lazima ujifunge wenyewe bila kusukumwa, na ule wa kujikaza ujikaze. Mfereji wa msuguano unaofika milimita 1, au kutu iliyochimba vishimo, ni sababu ya kukataa.

Baada ya hapo ndipo ukaguzi, maana kwenye mkanda mchafu huoni kitu. Shika sehemu ya sentimita 15 hadi 20 kwa mikono miwili, ikunje kama U iliyopinduliwa, na upitishe kidole gumba juu ya mkunjo. Nyuzi zilizokatika zitasimama kama manyoya. Sogea, rudia, mpaka umalize mkanda wote, pande zote mbili. Sehemu ngumu inayong'aa kama plastiki ni cheche za grainda: poliesta huyeyuka, na mahali hapo hapana nguvu tena. Mishono huwa ya rangi tofauti na mkanda makusudi, ili uzi mmoja uliokatika uonekane. Tazama pia mikunjo midogo iliyoshonwa karibu na pete kwenye baadhi ya hanesi. Ikiwa imefumuka, kuna mtu alianguka na hakusema.

Nanga za paani na waya wake mara nyingi husahaulika kwa sababu haziteremki kuja kuoshwa. Chuma cha pua cha daraja la 316 kinahimili bahari kuliko 304, lakini hata hicho kikikosa mvua chini ya mbao za paa au nyuma ya tangi hupata madoa ya kahawia. Osha kwa maji yasiyo na chumvi, sabuni na brashi ya nailoni. Brashi ya waya wa chuma cha kawaida inaacha chembe zinazoota kutu juu ya chuma kisichokuwa na kutu, na asidi ya kusafishia vigae inakichimba kabisa. Kagua vilevile pale bolti ya chuma cha pua inapoligusa bati: zinki ya bati huliwa kwanza, bolti inabaki inang'aa huku bati lililoishikilia limekuwa kama kaki. Washa za mpira zikipasuka kwa jua, zibadilishe kabla ya masika.

Kiwango cha EN 365 kinataka ukaguzi wa mtu mwenye ujuzi angalau kila miezi 12. Kwa paa linalotazama bahari mimi napendekeza kila miezi 6, na kila mvaaji aikague mwenyewe kila asubuhi. Andika tarehe na namba ya hanesi kwenye daftari. Usiandike kwa maka pen juu ya mkanda. Wino una thina.

Hanesi iliyokataliwa usiitupe jalalani ikiwa nzima, kwa kuwa wiki ijayo utaikuta imepangwa sokoni na mtu anaipima kiunoni. Kata mikanda ya mabegani na ya mapajani kwa kisu, na pete ya mgongoni uitenge peke yake.