Sherifu Si OCD, na Seneta wa Jimbo Hakai Washington

Mimi ni mkalimani wa mahakamani hapa Minnesota, na kila msimu wa uchaguzi nasikia maneno yaleyale: "Mgombea huyu alikuwa sherifu, alikuwa bosi wa mapolisi wote. Akiingia bungeni, mambo yetu yamenyooka." Jamani!

Hili la bosi wa mapolisi ndilo linalonichosha zaidi. Wengi tunamwona sherifu kama OCD, mkuu wa polisi wa wilaya kule nyumbani: kaletwa na makao makuu, akiharibu anahamishwa. Sherifu haletwi na mtu. Minnesota ina kaunti 87, na kila kaunti inamchagua wake kwa kura, kwa muhula wa miaka 4. Mkuu wa polisi wa Minneapolis anapendekezwa na meya na kuthibitishwa na baraza la jiji, lakini meya huyohuyo hana uwezo wa kumfuta kazi sherifu wa Hennepin, kaunti lilipo jiji hilo.

Isitoshe, sehemu kubwa ya kazi ya sherifu haina ving'ora. Ofisi yake inalinda mahakama, inapeleka samansi, inatoa vibali vya kubeba bastola na inaendesha jela ya kaunti. Polisi wa jiji akikukamata, mara nyingi utalala kwa sherifu, ila dhamana ni ya jaji. Kumbembeleza sherifu amwachie ndugu yako ni kupoteza muda.

Hata nyumba ni hivyohivyo. Umeshindwa kesi ya kodi ya nyumba, naibu sherifu anabandika hati mlangoni, una saa 24 uondoke. Hapo ndipo simu yangu inapoanza kuita: "Twende tukaongee na sherifu." Kuongea nini? Anatekeleza amri ya jaji. Kumlilia yeye ni kumlilia tarishi. Pa kuongea palikuwa mahakamani, siku ya kesi, ile uliyoikwepa kwa sababu hukuwa na wakili. Nenda hata bila wakili! Usipofika, jaji anaweza kutoa hukumu haupo, na mkalimani unapewa bure.

Kuna wanaosema sherifu akiwa seneta wa jimbo amepanda cheo. Hakuna ngazi hapo. Bill Ingebrigtsen alikuwa sherifu wa kaunti ya Douglas kwa miaka 16, kisha akakaa Seneti ya Minnesota kuanzia 2007 hadi mwanzoni mwa 2023. Huko aliongoza kamati ya fedha za mazingira na maliasili: maziwa, samaki, misitu. Jim Cooper wa California alikwenda kinyume: alitoka bunge la jimbo, na 2022 akachaguliwa sherifu wa Sacramento. Na mshahara? Huo nao si lazima upande: Katiba ya Texas inampa mbunge wa jimbo dola 600 kwa mwezi, kando ya posho za vikao.

Eti sherifu mstaafu aliyeingia bungeni bado anaweza kuagiza askari? Beji aliirudisha. Sasa ana kura moja kati ya 67 za Seneti yetu ya Minnesota, basi.

La mwisho ni green card, kibali cha ukaazi wa kudumu, ambayo wengi wanadhani mbunge wa jimbo anaweza kuisukuma. Wabunge wa jimbo wanakaa St. Paul, makao makuu ya Minnesota, na uhamiaji ni wa serikali kuu. Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa 2024 kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo, na tulishangilia sana, lakini faili lako la USCIS, idara ya uhamiaji ya serikali kuu, haliko mezani kwake. Kwa hilo piga simu ofisi ya mbunge wako wa Kongresi, bunge la kule Washington. Wana watu wa kufuatilia mafaili, na hawatozi hata senti. Leseni ya udereva ndiyo mambo ya St. Paul: sheria iliyopitishwa 2023 iliruhusu hata wasio na makaratasi kuipata kuanzia Oktoba 1 mwaka huo. Sasa niambie ni wangapi wetu walimpigia mbunge wao simu wakati mswada ule ukijadiliwa.